Kalkuleta ya 1,400 niliyonunua Kisumu: iko sawa, lakini chunga mabano

Nimekaa nayo wiki tatu sasa, naweza kuiongelea. Nilimnunulia kijana wangu wa fomu tatu, duka moja hapa mjini Kisumu, 1,400 baada ya kubageni kutoka 1,700. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuziwa ingine ya 450 huko sokoni, boksi imeandikwa sayantifiki, kufika nyumbani naingiza namba ya digiti kumi ikagoma kwa ya nane, na kurudi kwa muuzaji ananiambia "jaduong', kwani unahesabu pesa za serikali?" Nilicheka lakini pesa sikurudishiwa.

Namba yangu ya kujaribu kalkuleta ni moja tu, 4294967297. Hiyo ni 2 pawa 32 ukiongeza 1. Fermat, yule mwanahesabu Mfaransa, aliamini namba za huo mtindo (pawa ikiwa 1, 2, 4, 8, 16, 32, kila mara maradufu) zote ni praimu, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na zenyewe, na kweli 3, 5, 17, 257 na 65537 ni praimu, hii inayofuata ndio ilimwangusha, 1732 Euler, mwanahesabu mwingine, akaonyesha inagawanyika kwa 641, na huyo hakuwa na betri wala sola. Basi hapo kwa kaunta nikaiandika, nikabonyeza kitufe cha =, SHIFT, halafu kile kitufe kina FACT juu yake, kinachovunja namba kwa praimu zake, ikafikiria kidogo ikaleta 641×(6700417). Nikalipa hapo hapo.

Sasa hayo mabano. Kijana aliyaona akasema ni alama ya praimu. Wapi! Hii mashine inajaribu tu praimu zisizozidi digiti tatu, ikishindwa inakufungia kilichobaki kama mama mboga anavyofunga sukuma, majani ya ndani utayaona ukifika kwako. 6700417 kwa bahati ni praimu kweli, lakini weka 1018081 uone, inakurudishia (1018081) vile vile, na ukitafuta skweya ruti unapata 1009 kamili, yaani ni 1009 mara 1009 na haikukwambia. Chini ya 1018081 mabano hayatokei, lolote itakaloleta ni praimu. Juu ya hapo ni kazi yako. Nilimwambia kijana ahakikishe 6700417 mwenyewe, agawanye kwa kila praimu kuanzia 1009 mpaka ruti yake, 2588 na kitu, hizo ni mia mbili na zaidi, akafika ya kumi na tano hivi akakumbuka anafaa kuchota maji. Siku zote hukumbushwa.

Ingine, 2 pawa 34 ni 17179869184, digiti 11, hapo inaleta 1.717986918 mara 10 pawa 10, ile 4 ya mwisho imemezwa, na FACT inakataa. Kwa kazi za shule hutaumia.

Vitufe ni vizuri, sola inashika hata ndani ya nyumba, kava ndio imeanza kupasuka kona. Nyota nne. Ukienda kununua beba hiyo namba yangu kwa karatasi, na usikubali ufungiwe boksi ingine tofauti na ile umejaribu.