Nyota nne kwa fundi wa mifuko ya saruji

Kwa wiki tatu tangu nilishushe gari langu, Toyota Altezza, likae chini zaidi na kulivalisha rimu pana, sikusikia neno. Kutoka Mwanzange, hapa Tanga mjini, hadi shuleni ni barabara tambarare, naendesha peke yangu, na mwili wenyewe mnauona, mfuko wa chaki una uzito kunizidi. Siku niliyokwenda Muheza kumchukua mama mkwe na dada zake wawili, na viroba vya machungwa kwenye buti, ndipo nilipojua. Tuta la kwanza tu: kwaruuu. La pili vilevile. Tulipofika Pongwe harufu ya raba iliyoungua imeshaingia ndani, na mama akauliza kwa ule upole wake unaokuvua nguo, "Mwanangu, hicho kinacholia ni gari lako au ni uzito wetu?"

Nikamwambia ni barabara, mama. Alivyonyamaza nilijua hajaamini.

Nyumbani nikachungulia na tochi. Bega la tairi la nyuma kushoto limechubuka mzunguko mzima, na nyuzi nyembamba za raba zimelala ndani ya fenda, lile bati linalofunika gurudumu, kama nywele sakafuni kwa kinyozi. Katikati ya ule mchubuko kulikuwa na mfereji mwembamba, umenyooka, kana kwamba mtu amepitisha wembe. Ule mfereji sikuuelewa, na gereji ya kwanza niliyokwenda hawakuuangalia kabisa.

Hiyo gereji ya kwanza siitaji jina. Ndiyo iliyokata springi zangu kwa grainda wakati wa kushusha gari. Niliporudi kulalamika wakaniambia rimu "zinabana ndani", dawa yake ni spesa, bamba linalowekwa nyuma ya rimu kulisogeza gurudumu nje. Wakanifungia spesa za milimita 5 magurudumu ya nyuma, nikalipa, nikaondoka. Kelele ikaongezeka.

Hapa nikiri aibu yangu, maana nafundisha hisabati. Rimu zilizokuja na gari ni inchi 17 kwa upana wa 7, ofseti 50, yaani uso unaofungwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) uko milimita 50 nje ya katikati ya upana wa rimu. Nilizonunua ni inchi 18 kwa 8.5, ofseti 30. Upana wa inchi 7 ni milimita 178, nusu yake 89. Toa 50, zinabaki 39 kutoka uso wa habu kwenda nje. Rimu mpya: inchi 8.5 ni milimita 216, nusu 108, toa 30, zinabaki 78. Yaani ukingo wa nje umesogea milimita 39 kuelekea fenda. Sasa njoo ndani, ambako ofseti unaijumlisha: ya zamani 89 na 50 ni 139, mpya 108 na 30 ni 138. Ndani sikupoteza kitu, nimepata hata nafasi ya milimita moja! Spesa zao zilichukua gurudumu lililokwisha kujitokeza kwa milimita 39 zikalitoa 44. Hesabu ya kidato cha kwanza hii, na mwanafunzi wangu angekosea hivi ningemsimamisha.

Aliyenielekeza kwa fundi ninayemwandikia leo ni dereva wa bajaji. Gereji haina kibao. Iko Ngamiani, upande wa kuelekea Makorora, chini ya mwembe, na utaijua kwa mlango mwekundu wa Corolla uliotundikwa ukutani. Fundi ni mtu mzima. Nilimpa shikamoo, akaitikia, na kabla hajanyanyua hata jeki akaniuliza: linagusa ukiwa peke yako au ukiwa na watu? Ukikata kona au ukivuka tuta? Na mbele je, ukirudi nyuma usukani umeukata wote, husikii kitu?

Nikasema nyuma ni watu na matuta. Mbele ndiyo, kidogo, nikitoka getini.

"Basi una magonjwa mawili, mwalimu. Usitafute kidonge kimoja."

Mengine aliyofanya siku hiyo sijawahi kuyaona kwenye gereji. Alikoroga chokaa kwenye kopo, akapaka kwa brashi ndani ya midomo ya fenda zote nne, zile kingo zilizokunjiwa ndani, na kwenye zile plastiki za ndani. Kisha kijana wake akatoka na mifuko minne ya saruji, ile ya kilo 50. Miwili wakaipakia kiti cha nyuma, miwili kwenye buti. Tanga hukosi saruji, kiwanda kiko hapo Pongwe, lakini sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kukaa badala ya mama mkwe na dada zake. Tukazunguka mitaa, tukavuka matuta mawili matatu, tukarudi. Akalala chini na tochi, akaniita na mimi nilale.

Chokaa ilikuwa imefutika mahali patatu. Nyuma, kwenye mdomo wa fenda, upande wa juu. Mbele kulia, kwenye plastiki ya ndani karibu na bampa. Pa tatu palikuwa ni kichwa cha skurubu. Bampa la nyuma linashikwa kwenye fenda kwa skurubu ndogo inayoingia kwa ndani, na kichwa chake kinatazama tairi. Ndiyo iliyochora ule mfereji. Akagusa kwa kidole, akaniambia, "Fenda inakulamba tu, huyu ndiye anayekukata." Tairi lile lilikuwa limebakiza kidogo uzi uonekane, na mimi nilikuwa natarajia kwenda nalo Dar.

Nikadhani sasa ataanza kukunja fenda, mdomo ulale upishe tairi. Akakataa. Alipiga jeki nyuma, gurudumu likaning'inia, akaitikisa springi kwa mkono: ikacheza ndani ya kikombe chake, kok kok kok. Springi ikikatwa inakuwa fupi, na gurudumu likishuka hadi mwisho, kama unapopita shimo kwa kasi, haibanwi tena na kitu. Inaweza kukaa upande. Zaidi ya hapo, kila upande ulikatwa kwa kipimo chake, kushoto chini kuliko kulia. Akasema akikunja fenda kwa springi hizo, kesho nikibadili springi gari litakaa urefu mwingine na kazi yote itakuwa ya bure. Kwanza urefu, halafu tairi, halafu fenda, na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine, mwisho. Huo ndio mpangilio wake na hajadiliani.

Basi nikaagiza koilova za mtumba, yaani springi na shokomzoba za pamoja zinazorekebishwa urefu, kutoka Dar, zikaja kwa basi, nikazipokea stendi ya Kange. Akazifunga akaweka milimita 332 kutoka katikati ya habu hadi mdomo wa fenda, pande zote za nyuma. Kabla ya hapo upande wa kushoto ulikuwa 318. Ni milimita 14 tu, na vijana wa mtaani bado wanasema gari limelala. Spesa alizifungua akanipa mkononi, kimya, kama mwalimu anayerudisha daftari lenye sifuri.

Matairi nayo. Nilikuwa na 225/40R18 (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita), ambayo kipenyo chake ni milimita 637. Yale ya kiwandani, 215/45R17, yalikuwa 625. Akashauri 215/40R18, yaani 629: juu yanashuka milimita 4, bega linaingia ndani kidogo, na spidomita inasema karibu ukweli uleule wa kiwandani. Nilimuuliza kuhusu yale matairi membamba sana wanayoyavuta kwenye rimu pana hadi ubavu unalala. Akasema 215 kwenye rimu ya 8.5 ndiyo mwisho wa ruhusa ya tairi lenyewe, chini ya hapo nitafute fundi mwingine, yeye hataki kusikia limechomoka kwenye rimu barabara ya Segera.

Kazi ya fenda ndiyo iliyonifanya niandike. Wengi hapa mjini wanaingiza bomba la chuma kati ya tairi na fenda, gari linasukumwa taratibu, bomba linazunguka na kuupinda mdomo. Fenda inatoka na mawimbi kama bati la banda la kuku. Yeye ana chombo kinachofungwa kwenye habu kwa nati zilezile tano, kina mkono mrefu na kigurudumu kigumu mwishoni. Unakaza kidogo, unakipeleka kushoto na kulia, unakaza tena kidogo. Lakini kabla yake alipitisha sumaku kwenye fenda zote, polepole, sikio karibu, kama daktari. Tatu sumaku ilinasa. Nyuma kushoto ikateleza ikaanguka.

"Hapa kuna puti. Gari lako lilishagongwa kabla hujalijua. Hapa rangi itapasuka, nikwambie sasa usije ukanilaumu."

Puti ni lile dongo la kujazia bati lililobonyea, sumaku hainasi. Nikakubali. Akapasha rangi kwa ile mashine ya hewa moto, inafanana na draya ya saluni ila haina huruma, hadi kiganja kikivumilia hesabu ya tatu tu ndipo akaanza kukunja. Rangi ya baridi hukatika. Ya moto hunyumbuka. Fenda moja ilimchukua karibu dakika 40, na kila dakika chache anarudi kupasha. Za nyuma alizikunja nusu, hazikulala kabisa. Nilipouliza kwa nini, akanionyesha: fenda ya mbele ni bati moja lililofungwa kwa bolti, ya nyuma ni mabati mawili yaliyochomelewa pamoja hapohapo kwenye mdomo. Ukilaza kwa pupa yanaachana, na wanaokata ule mdomo kwa grainda wanakata maungio yenyewe. Mji huu una upepo wa chumvi. Maji yakiingia mle, baada ya masika mbili unachomoa kutu kwa kidole. Alipomaliza akaziba maungio kwa sila na kupaka rangi ya kuzuia kutu kwa ndani. Kwenye puti, kweli, pakatokea ufa mwembamba wa urefu wa kucha. Alishasema.

Ile skurubu aliitoa, akashika bampa kwa kibati kidogo alichokikunja mwenyewe, skurubu ikitazama juu. Plastiki ya mbele aliipasha akaisukuma nyuma kwa mkono wenye glavu, akaikaza kwa klipu mbili.

Mwisho tukaenda alaimenti, si kwake, kwa mtu wa mashine anayemwamini. Gari hili ukilishusha, magurudumu ya nyuma yenyewe huinama vichwa ndani, ndiyo kemba, na hilo linasaidia bega lipite chini ya mdomo wa fenda. Yangu yalisoma nyuzi 2.6 kushoto na 1.7 kulia. Wakayalinganisha yote 1.9 kwa zile bolti za ekseni, ambazo ukizizungusha husogeza mikono ya chini inayoshika gurudumu, kisha wakanyoosha uelekeo wa magurudumu. Fundi akasisitiza hili la pili: kemba ya kiasi inakula tairi polepole, lakini magurudumu yasipotazama njia moja, tairi jipya linaisha kabla hujamaliza deni lake.

Gharama, maana najua mtauliza: fenda nne shilingi 120,000. Kufunga koilova 60,000. Skurubu, plastiki, chokaa na ile safari ya mifuko ya saruji hakutoza. Alaimenti 45,000 kwa yule mwingine. Matairi na koilova ni juu yako na mfuko wako, na mke wangu hajaambiwa jumla.

Nyota ya tano nimeizuia kwa haya. Aliniambia kazi ni nusu siku. Nilifika saa 2 asubuhi nikaondoka adhana ya Magharibi inaita. Kweli umeme ulikatika saa 8 na mashine ya hewa moto ikalala, lakini hata bila hivyo nusu siku ilikuwa maneno tu. Hakuna pa kukaa zaidi ya tairi la Fuso na benchi lenye miguu mitatu. Risiti hakuna, ukitaka anakuandikia kwenye kipande cha boksi. Rangi aliyogusia kwenye ule ufa si rangi ya gari langu, ni binamu yake. Na simu hapokei. Nimepiga mara nne wiki hii.

Ninampigia kwa sababu mbele kulia bado panagusa, kidogo mno, nikirudi nyuma getini usukani umekatwa wote. Alishaniambia klipu zitalegea na nirudi akaze bure. Nyuma ni kimya. Jumapili iliyopita nilimrudisha mama Muheza na dada zake walewale, na safari hii mzigo ulikuwa magunia mawili ya mchele. Alivyoingia aliweka mkono kwenye kiti cha mbele, akawa anasubiri kelele kwenye kila tuta. Tulipopita Pongwe akasinzia.

Ukienda, fika kabla ya saa 2, ukikuta mlango wa Corolla umefunikwa na turubai ujue hajaja. Nenda na kiti chako.