Taa ya LED kwa tangi la matumbawe: nunua eneo kwanza, wati baadaye

Taa yangu ya kwanza ilikuwa moja, kali, na niliitundika katikati ya tangi lenye urefu wa sentimita 120. Baada ya miezi miwili akropora (tumbawe gumu) iliyokaa chini yake moja kwa moja ilikuwa imepauka kichwani, huku montipora, tumbawe gumu jingine, ya kona ya kushoto ikiwa imegeuka rangi ya chai ya rangi. Maji yale yale, chumvi ile ile, taa ile ile. Nilibadilisha maji, nikapima kalisi, nikalaumu samaki. Siku nilipoazima kipima PAR, yaani kifaa cha kupima mwanga ambao matumbawe hutumia, ndipo nikaona aibu yangu: juu ya mwamba wa kati kilisoma zaidi ya 400, kwenye kona hakikufika hata 50.

Nilikuwa nimenunua nguvu bila kuuliza nguvu hiyo inafika wapi. Kwa hiyo mpangilio wa taa hapa chini umefuata jinsi mwanga unavyotapakaa, na mengine yamekuja nyuma.

Namba zinazohitajika

PAR ni mwanga wa mawimbi ya nanomita 400 hadi 700, ule ambao mwani unaoishi ndani ya nyama ya matumbawe unaweza kuutumia kutengeneza chakula. Hupimwa kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde, lakini wafugaji husema "PAR 150" wakaelewana. Matumbawe ya uyoga, zoantidi na matumbawe ya ngozi huridhika na 50 hadi 150. Matumbawe magumu yenye polipi kubwa (polipi ni kila kijinyama kimoja cha tumbawe), kama eufilia, hukaa vizuri kwenye 80 hadi 150. Akropora na wenzake wa polipi ndogo wengi huwapa 200 hadi 350. Si sheria ya maandishi, ila ukiwa ndani ya viwango hivyo hutakuwa umepotea.

Macho yako yasikudanganye hapa. Taa ya matumbawe ni ya buluu kwa sehemu kubwa, na jicho la binadamu huona buluu kama mwanga hafifu. Tangi linaweza kuonekana kama chumba cha jioni huku matumbawe yanaungua. Programu ya simu ya kupima mwanga nayo haisaidii, kwa sababu lux, kipimo inachotumia, imepimwa kwa kufuata jicho, ambalo linapenda kijani. Ukitaka kipimo cha kuaminika, azima kipima PAR kilichotengenezwa kwa ajili ya LED na kinachoingia majini, mfano Apogee MQ-510. Vipima vya zamani husoma buluu chini ya uhalisia wake.

Kusoma kile kinachoandikwa kwenye boksi

Boksi likisema "PAR 500", uliza: wapi? Karibu kila mara ni katikati kabisa, chini ya taa. Namba hiyo peke yake ni mbuzi kwenye gunia. Unachotaka ni mchoro wa miraba unaoonyesha kipimo cha kila sehemu, pamoja na mambo matatu: taa ilikuwa juu ya maji kwa sentimita ngapi, kipimo kilichukuliwa kina gani, na kilichukuliwa ndani ya tangi au hewani. Mtengenezaji akikosa mchoro huo, mimi huhesabu kwamba kona zake ni giza.

Kisha tazama pembe ya lenzi. Hesabu yake ni nyepesi. Lenzi ya nyuzi 90 ikiwa sentimita 25 juu ya maji hupiga duara la sentimita 50 kwenye uso wa maji. Lenzi ya nyuzi 120 kwa kimo hicho hicho hupiga duara la karibu sentimita 87. Lakini pembe hiyo kwa kawaida huhesabiwa hadi pale ukali unapobaki nusu ya ule wa katikati, kwa hiyo ukingo wa duara tayari umeshapungua. Tangi la sentimita 120 kwa taa moja ya nyuzi 90 ni hesabu isiyofungana, hata taa iwe na wati 200.

Mwanga ukiingia majini hupinda kuelekea chini. Miale ya nyuzi 45 kutoka wima inakuwa kama nyuzi 32. Ikigonga kioo cha pembeni kwa mwinamo huo haitoki nje, inarudi ndani kama iliyogonga kioo cha kujitazamia. Ndiyo maana tangi lenye vioo safi hupata mwanga zaidi kwenye kingo kuliko hesabu ya hewani inavyoonyesha, na tangi lenye vioo vilivyofunikwa na mwani hupoteza faida hiyo. Kabla hujaongeza taa, kwangua vioo vya pembeni na cha nyuma. Ni bure.

Nafasi ya kwanza: taa mbili ndogo badala ya moja kubwa

Kwa matangi mengi ya nyumbani hili ndilo chaguo langu. Taa za umbo la kichwa, kama Radion XR15 au Kessil A360X, hutoa mwanga kutoka eneo dogo, na kila moja nahesabu ihudumie takriban sentimita 60 kwa 60. Ukiwa na akropora nyingi, punguza hadi 45 au 50. Tangi la sentimita 120 linataka mbili, la 180 linataka tatu. Duara zao zikipishana katikati, pale penye upungufu wa moja panajazwa na nyingine.

Sababu kubwa zaidi ni kivuli. Tumbawe lenye matawi likipigwa na mwanga kutoka sehemu moja tu, tawi la juu hukinga la chini, na nyama ya chini hufa taratibu ukidhani ni ugonjwa. Taa mbili zinapiga kutoka pande mbili. Kubwa moja, hata ikiwa na wati sawa na hizo mbili, haiwezi. Na moja ikiharibika, unabaki na nyingine hadi utengeneze.

Faida ya pembeni, ambayo wengine wataiona ndogo: taa ya chanzo kidogo hutoa ule mchezo wa mwanga unaocheza juu ya mchanga kama ufukweni saa sita mchana. Mimi ningelipia hata huo peke yake.

Ya pili: paneli pana

Kwa usawa wa mwanga, paneli kama ATI Straton au Philips CoralCare zinashinda hata nafasi ya kwanza. Balbu zimetawanywa juu ya eneo kubwa, vivuli ni laini, na tofauti kati ya katikati na kona inapungua sana. Mwanga wake pia haupungui kwa kasi ile ile kadiri kina kinavyoongezeka, kwa sababu hautoki kwenye nukta moja. Anayejaza tangi zima akropora aanzie hapa.

Nimeziweka ya pili kwa sababu za mkono: zinafunika juu ya tangi, na kila ukitaka kupanda kipande kipya unaipandisha taa au unapenyeza mkono ubavuni kama fundi wa gari. Mchezo wa mwanga pia karibu haupo.

Ya tatu: mseto wa LED na mirija ya T5

Mirija ya T5, yaani taa ndefu nyembamba za fluoresenti, hutandaza mwanga kutoka mwisho hadi mwisho, LED zinaongeza ukali na rangi. Matokeo ni mazuri mno. Tatizo ni kwamba mirija inazeeka na hubadilishwa karibu kila mwaka, na joto lake linapanda juu ya maji. Ukishakuwa na fremu ya T5 inayofanya kazi, usiitupe, ongezea LED. Kuanza upya na mseto leo nisingeshauri.

Ya nne: fimbo za LED

Kama msaidizi, fimbo ni dawa: moja mbele na moja nyuma, na vivuli vya taa za kichwa vinapotea. Peke yake inatosha tangi jembamba, fupi kwa kina, lenye matumbawe laini. Zaidi ya hapo usiilazimishe.

Ya mwisho: boksi jeusi la bei ya chini

Taa hii ya LED yenye umbo la boksi hukuza matumbawe, tusidanganyane. Lakini lenzi zake mara nyingi ni nyembamba, kwa hiyo katikati panaungua na pembeni ni giza, na feni zake hulia. Ukilinunua, litundike juu zaidi kuliko maelekezo, kama sentimita 30 hadi 40 juu ya maji, kisha ongeza nguvu kufidia. Duara litapanuka na katikati patapoa.

Kabla ya kulipa

Pima upana wa tangi kutoka mbele kwenda nyuma, maana wengi hupima urefu tu. Tazama kama kuna mkanda wa kioo katikati ya juu. Mkanda huo unakula mwanga ukiwa chini ya taa, kwa hiyo tangi la namna hiyo linadai taa mbili, kila moja upande wake. Hakikisha rangi zinadhibitiwa kila moja peke yake, hasa buluu na nyeupe. Uliza feni inafunguliwaje, kwa sababu chumvi itaingia humo na utalazimika kuisafisha.

Taa mpya ikifika, iwashe kwa asilimia 30 hadi 40, saa nane kwa siku, na upandishe kidogo kila wiki kwa muda wa mwezi au zaidi. Tumbawe lililozoea giza la kona likipigwa na PAR 300 ghafla, litautema mwani wake na kubaki jeupe. Montipora yangu ya kona niliihamisha siku ile ile nilipofunga taa ya pili, nikaiweka juu kwa furaha. Baada ya siku tano ilikuwa nyeupe kama chokaa.