Kabla ya Kulipia Uanachama wa Hifadhi, Uliza Zawadi Inafikaje

Mwaka jana nililipia shirika moja la ng'ambo ili "nimlee" gorila, yaani nichangie matunzo yake. Zawadi yangu ingekuwa cheti, picha na mwanasesere wa gorila. Fomu ikadai jina la mtaa, namba ya nyumba na msimbo wa posta. Mimi nipo Jinja, Uganda. Barua zangu hupitia sanduku la posta la shule ninayofundisha, na ufunguo anao karani. Baada ya miezi mitano nikaitwa ofisi ya mizigo, nikalipa ushuru na ada ya kutunziwa kifurushi, nikakabidhiwa mwanasesere mwenye jicho moja. Sensa ya 2018 ilihesabu gorila 459 katika msitu wetu wa Bwindi pamoja na Sarambwe, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, kati ya 1,063 wa milimani duniani kote. Nami nimeagiza wa pamba kutoka Ulaya! Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Basi nimewapangia hapa uanachama wa kuchagua; punguzo la fulana na rangi ya kadi mtaangalia wenyewe. Mimi nauliza moja tu: zawadi inapitia posta? Dada mmoja wa Arua ameniandikia kuwa majarida yake ya mwaka mzima yalifika siku moja, yamefungwa kamba.

Namba moja ni Nature Uganda, na upendeleo wangu siufichi. Ni tawi la hapa la East Africa Natural History Society, iliyoanza 1909. Unachonunua unakifuata kwa miguu yako: mihadhara, matembezi ya kutazama ndege, siku za kuwahesabu. Nchi ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na kusimama kando ya mtu anayemtambua kwera kwa sauti tu kunanitosha kuliko cheti chochote. Kasoro ipo: mengi hufanyika Kampala, kilomita 80 kutoka kwangu, na foleni ya barabara ile mnaijua.

Namba mbili, kumlea sokwe wa kisiwa cha Ngamba, makao ya sokwe yatima tangu 1998. Omba cheti kwa barua pepe. Halafu uliza nauli ya boti kutoka Entebbe kabla hujaahidi watoto safari.

Namba tatu, Royal Geographical Society ya London, ya tangu 1830. Ndiyo iliyomtuma Mwingereza Speke, aliyefika hapa Jinja 1862 "kugundua" chanzo cha Nile, mto ambao watu walikuwa wakiuvua samaki. Jina lina uzito, lakini sehemu ya ada ni ya maktaba ambayo wengi wetu hatutaikanyaga. Explorers Club ya New York, chama cha wavumbuzi, msijisumbue: ni lazima wanachama wakupendekeze.

Kwa mfuko mwembamba, nunua dukani pakiti ya Gorilla Conservation Coffee, kahawa inayochangia uhifadhi wa gorila, unywe.

Narudi kwenye kile kifurushi. Risiti bado ninayo. Pameandikwa "zawadi", na chini yake ushuru. Nikamuuliza mhudumu, mwanangu, zawadi inatozwaje? Akanyoosha kidole kwenye foleni iliyokuwa nyuma yangu.