Makumbusho ya Corrie ten Boom, Haarlem: nyota tano

Nilimpeleka mama mdogo alipotutembelea Uholanzi. Corrie alikuwa Mkristo wa Kiholanzi ambaye yeye na familia yake waliwaficha Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nyumba iko Barteljorisstraat 19, lilipokuwa duka la saa la familia. Weka nafasi mapema mtandaoni. Tulipokwenda kiingilio kilikuwa bure, unachangia ukipenda. Ngazi ni nyembamba na zimesimama, wenye magoti mabovu wajipange.

Chumbani kwa Corrie kuna ukuta wa uongo. Nyuma yake watu sita walijificha Wanazi walipovamia tarehe 28 Februari 1944. Baba yake na dada yake Betsie walifia kifungoni. Mwaka 1947, mjini Munich, Ujerumani, aliyekuwa mlinzi wa Ravensbrück, kambi ya Wanazi alikofungwa Corrie, alimnyooshea Corrie mkono akiomba msamaha. Corrie hakuwa na upendo hata chembe. Alimwomba Yesu amsaidie, ndipo akaupokea mkono ule.

Mama mdogo akauliza kwa nini hakusubiri moyo upoe kwanza. Mwongozaji alijibu vizuri mno: Corrie aliamini kusamehe ni uamuzi, hisia hufuata. Ndivyo ninavyousoma Mathayo 18. Katika mfano wa Yesu, mfalme alimfutia mtumwa wake deni la talanta elfu kumi, fedha nyingi mno, na hasara akaibeba yeye. Deni halikuwa dogo.

Ziara yetu ilikuwa kwa Kiingereza, nikamtafsiria mama.