Kununua gari lenye jina la mbio: anza na balbu ya taa, makombe baadaye

Malalamiko ninayotumiwa na wasomaji siku hizi yanafanana mno. Mtu kanunua gari lililotumika, muuzaji kamwimbia kwamba kampuni hiyo imebeba kombe la Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, au kwamba injini zake ndizo zinazotamba kwenye langalanga (Formula 1), basi mnunuzi akaona hakuna cha kuuliza tena. Baada ya muda balbu ya taa ya mbele inaungua. Fundi anafungua boneti, anaingiza mkono, anautoa, anatikisa kichwa: lazima bampa lishuke. Balbu yenyewe ni ya bei ya kutupa, bili ya ufundi ndiyo inayomtoa mtu machozi. Dada mmoja aliniandikia kwamba alipeleka gari asubuhi kwa ajili ya balbu hiyo akalichukua jioni, klipu mbili za bampa zikiwa zimevunjika.

Kwa hiyo leo sipimi nguvu za farasi, ulaji wa mafuta wala sekunde za kutoka sifuri hadi mia. Hayo yameandikwa kila mahali na muuzaji anayajua kwa moyo. Kipimo changu ni kimoja: je, mkono wa fundi unafika? Unafika kwenye balbu, betri, starta, plagi, filta ya oili na cheni ya taimingi? Gari linaweza kuwa zuri kwa kila kitu kingine, lakini kama kifaa kinachobadilishwa mara kwa mara kimefukiwa chini ya vingine kumi, utamlipia mchoraji wa injini ile kosa lake kwa miaka yote utakayokuwa nalo.

Na hapo ndipo aina ya mbio inapoanza kuwa na maana, kwa sababu mbio zote hazifundishi somo moja.

Gari la langalanga hukimbia kilomita 305 hivi na kazi imekwisha. Likizimika katikati, dereva analiegesha pembeni, anachomoa usukani, anashuka, na mashindano kwake yameishia hapo. Kitu wanachokiweza kuliko binadamu wengine wote ni tairi: McLaren walibadilisha zote nne kwa sekunde 1.80 huko Qatar mwaka 2023. Lakini injini na giaboksi havitengenezwi ili vifunguliwe mbio zikiendelea. Vimebanwa, vimefinyangwa na kufunikwa ili upepo upite vizuri.

Le Mans ni habari nyingine. Mwaka 2010 Audi ilishinda kwa kwenda kilomita 5,410 ndani ya saa 24, yaani karibu mbio 18 za langalanga zikiunganishwa, usiku na mchana. Katika mwendo huo kitu lazima kivunjike, na gari likiwa gereji saa haisimami kulisubiri. Anayefungua haraka ndiye anayebaki kwenye mashindano. Audi R8 ya mbio, iliyoshinda mwaka 2000, 2001, 2002, 2004 na 2005, iliundwa hivi: giaboksi pamoja na saspensheni ya nyuma vinatoka kama kipande kimoja, kipya kinaingia, gari linaondoka. Mafundi walibadilisha nyuma nzima kwa dakika chache, hadi waandaaji wakaona bora wakaze kanuni.

Rali ndiyo kali zaidi kwa kipimo changu. Kati ya hatua moja na nyingine, dereva na msaidizi wake peke yao ndio wanaoruhusiwa kutengeneza gari, kwa spana walizobeba humo humo. Jioni mafundi hupewa kwa kawaida dakika 45, zikiisha wanainua mikono. Gari ambalo boliti yake haifikiki halimalizi wikiendi.

Sasa, usikimbilie orodha ya washindi ukadhani umemaliza. Daraja la juu la mbio za ustahimilivu, yaani mbio ndefu kama Le Mans, lina usawazishaji: gari likizidi wenzake linaongezewa uzito au linapunguziwa nguvu, ili ushindani ubaki. Ushindi wa namna hiyo ni halali na unapendeza kuutazama, ila haukuambii chochote kuhusu gari lililosimama kwenye yadi. Tena baadhi ya magari yale si ya kampuni husika kama unavyodhani. Porsche 963 imejengwa juu ya chasisi ya kampuni nyingine, Multimatic. BMW M Hybrid V8 na Cadillac V-Series.R zote zimekalia chasisi ya Dallara, nayo kampuni nyingine, na mfumo wao wa umeme ni uleule mmoja kwa wote. Toyota, Ferrari, Peugeot na Aston Martin walikwenda njia ya kanuni inayowaruhusu kujenga gari lao wenyewe. Muuzaji akikwambia "teknolojia hii imetoka moja kwa moja Le Mans", muulize ipi, iliyotengenezwa na nani. Utamwona anavyohamia kwenye rangi ya viti.

Basi tupange.

Wa kwanza: Toyota. Sifichi, mimi ni mtu wa Toyota na nitabaki huko. Walikaa langalanga kuanzia 2002 hadi 2009, wakatumia fedha za kutisha, wakaondoka bila ushindi hata mmoja. Kule Le Mans ndiko walikosomeshwa. Mwaka 2016 gari lao namba 5, likiendeshwa na Kazuki Nakajima, lilikuwa linaongoza zikiwa zimebaki dakika chache kabisa. Likaishiwa nguvu, likasimama kwenye mstari mbele ya gereji yake, Porsche ikapita. Hata halikuhesabiwa kuwa limemaliza, kwa sababu mzunguko wa mwisho lilitumia zaidi ya dakika 11. Kisa nini? Kiungio kwenye njia ya hewa kati ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) na kipozeo chake. Kiungio! Injini haikufa, giaboksi haikufa. Kampuni iliyowahi kuaibishwa mbele ya dunia na kipande cha aina hiyo haiwezi tena kudharau vitu vidogo, na baada ya hapo walishinda mara tano mfululizo, 2018 hadi 2022. Kwenye rali wamekuwa mabingwa wa watengenezaji kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025.

GR Yaris ya 2020 ni mtoto wa rali hiyo na ndiyo ningeichukua mimi. Chini ya boneti imebanana, siwezi kudanganya. Angalau betri wameihamishia nyuma kwenye buti, inafikika bila kuvua kitu. Lakini wengi wenu mtanunua Corolla ya kawaida, na hapo hamjakosea hata kidogo. Toa mfuniko wa plastiki: juu kabisa ya injini kuna koili nne zimejipanga, kila moja imeshikwa na boliti moja ya namba 10. Fungua boliti, vuta koili, plagi ile pale chini. Kijana anayejifunza ufundi anaimaliza kazi hiyo huku anapiga soga.

Upendo wangu una mpaka lakini. Lexus LS 400, ambayo ni damu ya Toyota, starta yake imelazwa katikati ya V ya injini, chini ya manifoldi ya hewa. Injini ile ni maarufu kwa kudumu, na starta ikifa utafungua nusu ya juu yake ili uione tu. Aliyeichora sehemu ile alijua kabisa kwamba hatakuwepo siku ya kuibadilisha.

Wa pili: Mazda. Watashangaa wengi. Ushindi wao wa jumla Le Mans ni mmoja tu, wa gari lao 787B mwaka 1991 lenye injini ya rotari, isiyo na pistoni za kawaida, na siku hizi hawapo kwenye daraja la juu. Nimewapa nafasi hii kwa ajili ya MX-5, gari ambalo watu wa kawaida hulipeleka kwenye mbio za klabu na kurudi nalo nyumbani. Injini imekaa kwa urefu, haikulazwa kwa upana, kwa hiyo fundi anasimama kulia au kushoto na kufanya kazi yake. Kama una familia halikufai, lina viti viwili. Na RX-8 ya rotari usiiguse kama huna fundi anayeijua vizuri. Hilo sitalijadili zaidi.

Wa tatu: Porsche. Ushindi 19 wa jumla Le Mans, hakuna aliyewafikia, ingawa mwishoni mwa 2025 timu yao ya kiwanda iliondoka kwenye ubingwa wa dunia wa ustahimilivu na kubaki na mbio za Marekani. Kwa ubora wangewazidi wote. Kwa mkono wa fundi, hapana. Boxster na Cayman zinaficha injini kiasi kwamba unaweza kukaa nalo mwaka mzima hujaiona. Unachoonyeshwa ni mfuniko wa kumiminia oili kwenye buti. Kwenye 911 betri iko mbele, nzuri, ila plagi zinafikiwa kwa pembeni na chini, na kwenye matoleo ya karibuni fundi huanza kwa kuvua bampa la nyuma. Bampa tena!

Kundi la nne: Audi, BMW, Mercedes. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Audi, walewale wa giaboksi ya dakika chache, magari yao mengi ya barabarani yana kitu mafundi wanakiita hali ya servisi: unalegeza uso mzima wa gari na kuusogeza mbele ndipo upate nafasi ya kufanyia kazi injini. Walijua jinsi ya kutengeneza gari linalofunguka, wakaamua mteja hahitaji. Mwaka 2026 wameingia langalanga baada ya kuichukua Sauber, kwa hiyo sitarajii mafundisho mapya kuhusu kufikika. BMW walishinda Le Mans 1999, kisha wakatuletea injini ya dizeli ya N47 yenye cheni ya taimingi nyuma ya injini, upande wa giaboksi. Cheni ikianza kulia, hiyo si kazi ya kufungua mfuniko wa mbele. Giaboksi au injini nzima inashuka. Mercedes walibeba ubingwa wa watengenezaji wa langalanga mara nane mfululizo, 2014 hadi 2021, na kutoka huko wakachukua wazo la tabo yenye mota ya umeme wakaliweka kwenye C 63 ya silinda nne. Ni kazi ya akili sana. Ningependa kuliendesha, likiwa gari la mtu mwingine.

Ferrari wameshinda Le Mans 2023, 2024 na 2025, na mwenye fedha za Ferrari hasomi ukurasa huu. Ila ajue tu kwamba kwenye F355 kubadilisha mkanda wa taimingi maana yake ni kushusha injini.

Wenye bajeti ndogo: Hyundai i20 N, kutoka kampuni iliyokuwa bingwa wa watengenezaji wa rali 2019 na 2020, na Peugeot ndogo ndogo. Pima kwa mkono, amua mwenyewe.

Sasa wauzaji. Kuna biashara moja imeshamiri, ya kuuza herufi. GR Sport, M Sport, AMG Line, S line, N Line. Mara nyingi unachopata ni bampa lenye matundu (mengine yamezibwa kwa plastiki, hayapitishi hewa), rimu kubwa zaidi, uzi mwekundu kwenye viti na kibandiko. Injini ni ileile ya toleo la kawaida. Nawataja na Toyota wangu humo, wasidhani nawaonea wengine. Bei hupandishwa kana kwamba umeuziwa gari lililovuka mstari Le Mans, na rimu hizo kubwa na tairi nyembamba ndizo za kwanza kupinda ukikutana na shimo.

Halafu kuna mfuniko wa plastiki juu ya injini, wenye nembo inayong'aa. Mwambie muuzaji autoe. Akisita, autoe fundi wako. Kisha zima gari, acha lipoe, kunja mkono wa shati. Ingiza mkono nyuma ya taa ya kushoto hadi uguse kifuniko cha balbu, jaribu kukizungusha kwa vidole viwili. Fanya hivyo kulia pia, maana mara nyingi upande mmoja una betri au kisanduku cha filta ya hewa kinachoziba njia, na wauzaji huonyesha upande ulio wazi. Gari lenye taa za LED zilizofungwa moja kwa moja halina balbu ya kubadilisha. Hapo uliza bei ya taa nzima kabla hujataja bei ya gari.

Mwisho nyanyua sakafu ya buti. Wenzetu wa langalanga wanaweza kubadilisha tairi nne kwa chini ya sekunde mbili, nawe kwenye gari lenye jina lao mara nyingi utakuta chupa ya gundi na pampu ndogo, tairi ya akiba hakuna. Muuzaji atakwambia ni kwa ajili ya kupunguza uzito. Mwambie apunguze na bei.