Forester SJ baada ya IST: SUV ndogo niliyoichagua na sababu zake

Ukiuliza watu wa Dar es Salaam ununue SUV gani ndogo, wengi watakutajia RAV4 kabla hujamaliza swali. Wana sababu. Spea za Toyota ziko kila kona, fundi wa mtaani anaifungua hata gizani, na siku ukitaka kuiuza haikai. Mimi nilinunua Subaru Forester ya 2015, umbo la SJ, injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, na sijatamani kubadilishana na mtu. Naeleza nilivyofika huko, maana nilipokuwa natafuta nilikutana na maoni mengi makali ya watu ambao gari lenyewe hawajawahi kulimiliki.

Nilikuwa na Toyota IST, gari dogo la chini. Ni gari zuri na halikunisumbua. Ila nakaa Goba ya ndani, ambako lami inaisha mapema na masika yanachimba barabara upya kila mwaka, na mama yangu anaumwa magoti. Kwenye IST kuingia alikuwa anaanguka kwenye kiti, na kutoka ilikuwa lazima mtu amvute mkono.

Kwa hiyo kabla ya kusoma chochote kuhusu injini, nilizunguka yadi na mama. Kila gari alifungua mlango mwenyewe, akaingia, akatoka, sisi tukitazama. Escudo ilimtaka ashike mpini wa juu ajivute. Mazda CX-5 aliingia vizuri, lakini akalalamika kwamba kule nyuma dirisha ni dogo na anajihisi amefungiwa. Kwenye Forester aligeuka, akakaa kwanza, ndipo akaingiza miguu mmoja baada ya mwingine. Kiti kilikuwa usawa wa nyonga zake. Akapapasa mlango, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hili sipandi wala siinami." Muuzaji alikuwa bado anasifia rimu. Kwangu mimi nusu ya kazi ilikuwa imeisha, kwa sababu gari la familia linapimwa na yule ambaye mwili wake unaliona tatizo, na huyo mara nyingi si dereva.

Nusu iliyobaki ilikuwa uimara, na hapo nilienda taratibu zaidi.

RAV4 niliyoweza kuimudu ni ile ya kizazi cha tatu, ya 2.4, yenye injini ya 2AZ-FE. Ni injini yenye nguvu ya kutosha na inajulikana, lakini baadhi ya zilizotengenezwa miaka ya 2007 hadi 2009 zina sifa ya kula oili kwenye pistoni, na ukinunua iliyotumika huwezi kuliona hilo kwa kulizungusha gari yadi. Mlango wake wa nyuma pia unafunguka kwa pembeni, na ukipaki ukutani unashindwa kutoa mizigo. Nissan X-Trail ya umbo la T31 ina buti pana na siti za kufuta tu kwa kitambaa, na bei yake inavutia. Mafundi niliowauliza walirudia jambo moja: gia boksi yake ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, na nyingi zinazoletwa gereji zimeshawekwa oili isiyo yake. Rush ina bei nzuri ya mafuta na ushuru kwa injini yake ya 1.5, na ni ngumu kweli kweli, lakini safari ndefu inakuchosha mgongo na kelele zake hazikupi nafasi ya kuongea.

CX-5 ndiyo iliyonipa kazi. Gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia sita, jambo ambalo kwa anayeogopa CVT ni faraja kubwa, na inashika barabara vizuri kuliko zote nilizojaribu. Kama ningekuwa naendesha peke yangu muda mwingi ningeichukua ya petroli. Ile ya dizeli sikuitaka, kwa sababu mizunguko mifupi ya mjini haiipi nafasi chujio la moshi wake kujichoma na kujisafisha.

Jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu ni cc, yaani ukubwa wa injini. Wakati naagiza, ushuru wa bidhaa wa TRA, mamlaka ya mapato, ulikuwa asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 lakini haizidi 2,000, na asilimia 10 ikizidi hapo. RAV4 ya 2.4 ina cc 2,362, Forester hii ina 1,995. Ushuru huo ulikuja baada ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, halafu VAT ya asilimia 18 ikapigwa juu ya vyote, kwa hiyo tofauti ndogo mwanzoni ilivimba mwishoni. Kulikuwa pia na tozo ya uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi 10. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni, na thamani wanayotumia ni ile iliyo kwenye mfumo wao, si risiti yako ya Japani. Kikokotoo hicho kilifuta magari kadhaa kwenye orodha yangu kwa jioni moja. Gari la bei chee Japani linaweza kukushtua bandarini.

Gari langu niliagiza Japani kwa kuangalia karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari linalouzwa mnadani kule, na hapa naomba msomaji asikubali kuruka. Karatasi hiyo ina daraja la jumla, herufi ya hali ya ndani, na mchoro wa gari uliojaa alama: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa kabisa. Ikiwa daraja limeandikwa R au RA, gari lilishagongwa likatengenezwa. Kwa Forester zingatia zaidi S. Haya ni magari ya kuvuta tairi zote nne, watu wa mikoa ya theluji Japani wanayapenda, na kule barabara zinamwagiwa chumvi. Ndani linang'aa, chini limeliwa. Niliomba picha za chini ya gari, za ekseli ya nyuma na mabomba ya breki, na wauzaji wawili waliokwepa kuzituma nikawaacha hapo hapo.

Sasa maisha nalo. Kitu cha kwanza unachokiona ni vioo. Nguzo za mbele ni nyembamba, madirisha yanashuka chini, na kona ya bodi unaiona bila kunyanyuka. Kwenye foleni ya Mwenge, bodaboda wakipita kushoto na kulia, kuona namna hii kunapunguza uchovu kuliko siti ya ngozi. Siti zenyewe ni za kitambaa na laini kiasi, na za nyuma zinalala kidogo, kwa hiyo mama husinzia bila shingo kuning'inia. Katikati ya sakafu ya nyuma kuna mwinuko wa shafti, hivyo abiria wa tano anakaa miguu ikiwa imepanuka. Kwa watoto sawa, kwa mtu mzima hadi Morogoro si haki.

Chini kuna nafasi ya sentimita 22. Matuta ya mtaani yaliyokuwa yanagusa IST nayapita bila kukata kona. Kwenye utelezi wa tope jekundu baada ya mvua, tairi zote zinavuta zenyewe bila kubonyeza chochote. Kuna pia kitufe cha X-Mode kwa mwendo mdogo sehemu mbaya, nami hukitumia kwenye mteremko wetu wa kuelekea bondeni, ambapo gari linashuka polepole lenyewe na mguu unapumzika.

Safari ya Iringa ndiyo mtihani ninaouamini. Kupanda Kitonga nyuma ya malori, ukiwa na watu wanne na magunia, injini ya 2.0 haikimbii. Inafika, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, lakini kulipita lori inabidi upange mapema na uone mbele vizuri. Anayependa gari linaloruka ukigusa tu asinunue hii. Kushuka ni kuzuri zaidi: unahamisha gia kwenye M, unashikilia ya chini, breki hazichemki. Kelele za upepo zipo ukivuka 100, na kwenye lami yenye kokoto tairi zinasikika ndani. Mafuta napata kilomita 8 hadi 9 kwa lita kwenye foleni za Dar, na 12 hadi 13 safarini nikienda kistaarabu. IST ilikuwa inakula kidogo kuliko hapo, na anayehama ajiandae kwa hilo.

Kuhusu CVT, maana ndiyo hofu ya kila mtu. Ya Subaru haina kijiti cha kupimia oili. Fundi wangu alinionyesha anavyofanya: gari liko juu sawasawa, injini inaunguruma, mashine yake ya kupimia inasoma joto la oili, na likifika kiwango chake ndipo anafungua nati ya kufurikia na kusubiri oili itoke kwa uzi mwembamba. Ukipima ikiwa baridi au ikiwa imechemka, unapata jibu la uongo. Akaniambia, "Kaka, hii gia boksi haifi yenyewe, inauawa na mtu wa chupa." Alimaanisha yule anayekuuzia oili yoyote ya otomatiki iliyo kwenye rafu. Tangu hapo oili naitafuta mwenyewe, na ninakaa gereji hadi nati ifungwe. Duka moja la spea liliwahi kunipa chujio la oili lenye boksi linalofanana na halisi, maandishi yakiwa yamekosewa herufi. Nililirudisha.

Injini ya gari hili, FB20, inatumia cheni ya taimingi, haina mkanda wa kubadilisha kama Subaru za zamani za EJ20. Chujio la oili liko juu kabisa mbele ya injini, unalishika ukiwa umesimama. Plagi ndizo zinazoudhi, kwa sababu injini imelala na plagi ziko ubavuni, hivyo ufundi wake unachukua muda na unalipiwa. Zile za mwanzo za FB zina historia ya kupunguza oili, kwa hiyo vuta kijiti kila unapojaza tangi. Inachukua dakika moja.

Tairi badilisha zote nne pamoja, saizi na chapa moja, kwa sababu mfumo wa kuvuta haupendi tairi zenye kimo tofauti. Redio ya Japani inaanzia 76 na inaishia kabla ya stesheni zetu nyingi, kwa hiyo utafunga kigeuza masafa au redio mpya. Na ukichukua yenye EyeSight, zile kamera mbili za kumwonya dereva zilizo nyuma ya kioo cha mbele, jua kwamba kioo kikivunjwa na jiwe la lori hakibandikwi tu. Kamera zinahitaji kupangwa upya na mtu mwenye kifaa. Yangu inazo, nazipenda barabara kuu, mjini zinalia sana bodaboda wakikatiza.

Anayeishi mkoa ambao hana fundi wa Subaru karibu, ningemwambia achukue RAV4 au CX-5 ya petroli. Aliye Dar, Arusha au Mwanza aanze na gereji kabla ya yadi: atafute fundi mwenye mashine ya kusoma joto la CVT, amuulize bei ya oili hiyo, boshi za mbele, kioo cha mbele na tairi nne za 225/60 R17, azijumlishe na bei ya gari, ndipo aende kumkalisha mama yake kwenye kiti.