Hita za kipupwe: tafuta thamostati kwanza, bei baadaye

Tangu Juni ianze, malalamiko ninayopokea ni ya aina moja. Mtu kanunua hita, muuzaji kamwapia kwamba "hii haili umeme", na kabla wiki mbili hazijaisha mita ya LUKU inapiga kelele kila baada ya siku chache. Dada mmoja wa hapa hapa Njombe alinitumia picha ya hita yake, na sikuhitaji maelezo zaidi: vijiti vitatu vinavyong'aa vyekundu, swichi tatu, basi. Haina thamostati.

Kwa hiyo leo sitazungumzia magurudumu, rangi wala ukubwa wa chumba. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Nataka tuangalie kitufe kimoja ambacho wanunuzi wengi hawakiulizii, na ndicho kinachoamua utalala na pesa au bila pesa.

Hita za umeme za kawaida hazizidiani katika kugeuza umeme kuwa joto. Wati 2,000 ni wati 2,000, iwe ni ya mafuta, ya feni au ya vijiti. Ikiwaka saa nzima bila kukata, imekula uniti 2. Hita inayookoa pesa ni ile inayopima joto la chumba, ikajizima chumba kikishapata moto na kujiwasha kinapopoa. Kazi hiyo inafanywa na thamostati. Bila hiyo, hita itawaka vile vile hata chumba kiwe kimeshakuwa tanuri, mpaka wewe uinuke ukaizime. Na nani anainuka saa nane usiku na baridi hii?

Sasa sikilizeni ujanja wa madukani, maana huu ndio unaoniudhi kuliko bei. Unamuuliza muuzaji kama hita ina thamostati. Anaichomeka, inawaka, kisha anainyanyua kidogo kutoka sakafuni na inazimika. "Unaona mama, automatiki, inajizima yenyewe!" Geuza hita hiyo uangalie chini. Utakuta kidude kidogo kinachobonyezwa na sakafu. Kazi yake ni kukata umeme hita ikianguka, isiunguze nyumba. Ni kitu kizuri, lakini hakijui chumba kina joto kiasi gani. Nyingine zina kifaa cha kukata umeme zikichemka kupita kiasi kwa ndani. Hicho nacho ni cha usalama tu. Watu wanauziwa usalama wa moto wakidhani wamenunua nafuu ya umeme, na muuzaji anajua.

Jaribu mwenyewe, tena palepale dukani. Tafuta kinobu cha kuzungusha. Chomeka hita, kiweke chini kabisa, kisha kizungushe taratibu kwenda juu. Mahali fulani utasikia "tik" na hita itawaka. Kirudishe nyuma: "tik" tena, imezima. Sehemu hiyo ndiyo joto la chumba mlichosimama. Kama hakuna "tik", au kinobu kinachagua 1 na 2 tu, hiyo si thamostati.

Kwa nini nang'ang'ania hivi? Piga hesabu. Wengi wetu huku tuko kwenye D1 ya TANESCO, yaani kundi la bei la watumiaji wadogo wa nyumbani, ambapo uniti ni shilingi 100, na kodi zikiingia inafika 122, mradi usizidi uniti 75 kwa mwezi. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 4 kila jioni bila kukata inakula uniti 8. Siku kumi tu, uniti 80, na hujapiga pasi wala kuwasha friji. Ukiendelea kuzidi unahamishiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako uniti pamoja na kodi ni kama shilingi 356. Mwezi mzima wa hita hiyo ni uniti 240, zaidi ya shilingi 85,000. Thamostati ikiipumzisha nusu ya muda, umeokoa nusu ya fedha hizo.

Chaguo langu la kwanza ni hita ya mafuta, na sifichi: De'Longhi. Hawa Waitaliano wanatengeneza hita hizi tangu miaka ya 1970. Kinobu chake ni chepesi na "tik" inasikika vizuri. Mafuta yaliyomo hayaungui wala hayaongezwi. Yanashika joto, na hita ikishajikata mapezi yake yanaendelea kutoa uvuguvugu. Ni ghali, najua. Wengi wanaipata kwenye mtumba wa Ulaya, na mimi naona De'Longhi ya mtumba ni bora kuliko mpya isiyo na jina. Ila soma kibandiko: iwe imeandikwa volti 220 hadi 240, maana za Marekani na Japani zitaungua hapa. Plagi ya pini mbili za mviringo usiibambikizie adapta ya bei rahisi. Hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9, na adapta hizo zinayeyuka. Mwambie fundi afunge plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya 13, na waya wa kijani na njano aufunge kwenye ethi, asiukate.

La pili ni blanketi la umeme la kutandika chini ya shuka. La wati 100, likiwaka saa 8, halifiki hata uniti 1. Kwa mwezi ni kama uniti 24, na kwa mtu wa D1 hiyo haifiki shilingi 3,000. Halipashi chumba, linampasha aliyelala. Usilikunje likiwa linawaka.

Kwa anayejenga, AC ya inverter yenye kupasha joto inawashinda wote kwa matumizi, kwa kuwa inavuta joto kutoka nje badala ya kulitengeneza. Lakini nyingi zinazouzwa nchini ni za kupoza tu. Alama ya jua kwenye rimoti isikudanganye. Rimoti moja hutumika kwa AC za aina zote mbili. Soma kibandiko cha mashine ya nje, kama wameandika uwezo wa kupasha joto.

Feni za joto zinafaa bafuni kwa dakika kumi. Za vijiti sizipendekezi. Chupa ya maji ya moto ni nafuu na inatosha miguu.

Jiko la mkaa chumbani halimo kwenye orodha yangu. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na kila kipupwe watu wanalala nayo hawaamki.

Na bei? Hita zile zile zilizokuwa zinapigwa vumbi Februari zinapandishwa Juni, kwa sababu wanajua tunatetemeka. Anayeweza anunue Novemba. Anayenunua sasa asilipe kabla hita haijachomekwa mbele yake, na risiti iandikwe wati na jina la modeli, siyo "hita 1". Risiti ya "hita 1" haijawahi kumsaidia mtu aliyerudi dukani na hita mbovu.